Mrejesho: sauti ya kompyuta imerudi

Wakuu, nashukuru sana. Niliuliza kwa nini kompyuta yangu ya mezani, yenye Windows 10, imekata sauti ghafla wakati spika zinawaka na nikizichomeka kwenye simu zinaimba vizuri. Imepona.

Aliyeniambia niangalie sauti inaelekezwa wapi ndiye aliyepatia. Wiki ile nilikuwa nimebadilisha skrini, na hii mpya inatumia kebo ya HDMI. Kebo hiyo hubeba picha na sauti kwa pamoja, basi kompyuta ikaifanya skrini kuwa kifaa cha sauti, na skrini yenyewe haina spika! Ndiyo maana hakukuwa na onyo lolote, ni kimya tu. Nilibofya ikoni ya spika pale chini kulia, nikafungua jina la kifaa, nikachagua spika badala ya skrini. Muziki ukatoka hapo hapo.

Mwenye tatizo kama hili, tafadhali usikimbilie kupiga Windows upya kama wengine walivyoshauri. Mafaili yanaweza kupotea bure. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa cha sauti, sikuigusa kabisa. Kwenye mipangilio ya sauti nimekizima kile kifaa cha skrini kisijirudishe tena.