Mwanangu anajipiga na kujing'ata, nimeishiwa mbinu

Wakuu, habari za jioni. Mwanangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo na kifafa, haongei. Wiki ya tatu sasa anajipiga ngumi shavuni, mara agonge kichwa ukutani, mara ajing'ate mkono hadi damu. Juzi kamng'ata na dada yake. Mama mkwe anataka tumfunge mikono kwa khanga, jirani anasema mashetani. Nisaidieni, silali.

Mzee wa Gahawa: Viboko viwili tu ataacha. Sisi tulilelewa hivyo.

Binti Usambara: Mzee, shikamoo, ila hapo umekosea. Utamwongezea maumivu juu ya maumivu. Dada pole, na usimfunge. Mtoto asiyeongea akiumwa sikio, au jino, au hajapata choo siku nne, atakwambia kwa njia gani? Wangu alijigonga kila usiku, kumbe choo kigumu. Huyo anajipiga upande gani?

Mtoa mada: Kulia tu. Na sasa umenikumbusha: uji anakunywa, wali anautema.

Mtu wa Dawa: Dawa ya kifafa ilibadilishwa karibuni? Fenobabitoni huwafanya baadhi ya watoto wasitulie, levetirasetamu nayo huweza kuleta hasira. Lakini usiikatishe mwenyewe! Ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo. Mwone daktari. Na akijigonga kisha akatapika au akawa mzito kuamka, hospitali hapo hapo.

Baba Pacha: Chukua daftari. Kila akianza, andika saa, nini kilitangulia, na nyie mlifanya nini. Mimi nilikuwa nampa wangu simu ili atulie. Daftari likaniumbua: alikuwa anajigonga ili apewe simu! Sasa ana picha ya kikombe, ya simu, ya choo, anagusa anachotaka. Ilichukua miezi, sikudanganyi. Kwa sasa weka mto kati ya kichwa na ukuta, na usipige kelele.

Mtoa mada (siku tisa baadaye): Jino la nyuma kulia lilikuwa limetoboka, fizi ina usaha. Limeng'olewa Jumanne, shavu hagusi tena. Kujing'ata bado kupo. Daftari linaonyesha ni saa kumi jioni, mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa. Leo saa tisa na nusu nimempeleka kwa shangazi yake mtaa wa pili, hajajing'ata. Baba Pacha, hizo picha ulichora mwenyewe?