Springi au sponji kwa kitanda cha futi 5 kwa 6?

Mtoa mada: Wanajamvi, nawasalimu. Godoro letu la sponji la inchi 8, ambalo halijatimiza miaka mitatu, limebonyea katikati kiasi kwamba mimi na mwenzangu tunaamka tumekutana shimoni, hata usiku tuliolala tumenuniana. Muuzaji ananihimiza nihamie springi, ambayo bei yake ni karibu mara mbili. Tunaishi Tabata, chumba kina joto, na kitanda ni cha mninga chenye chaga saba. Naomba ushauri.

Fundi wa vitanda: Ndugu, kabla ya kulilaumu godoro, hesabu mapengo. Urefu wa futi 6 ni inchi 72. Chaga saba za inchi 3 zinachukua 21, na kila pengo linabaki na zaidi ya inchi 8. Hapo sponji itazama, na springi itaharibika mapema zaidi, kwa sababu koili zinazokosa chaga chini yake hupinda na kuanza kulia.

Mama wa wawili: Sisi tunalalia springi, na kwa joto la Dar sina malalamiko, kwani hewa inapita katikati ya koili. Hata hivyo, zile zilizounganishwa kwa waya hutikisika zote mmoja wenu akigeuka. Afadhali zile ambazo kila moja imeshonewa kifuko chake cha kitambaa. Kwa watoto wanaokojoa kitandani nimenunua sponji, kwa kuwa sponji naibeba mwenyewe hadi juani, ilhali springi ikilowa ndani hushika kutu.

Muuzaji mstaafu: Nimeuza magodoro miaka mingi, na mteja aliyekuja na mizani sikumwona hata mmoja. Sponji hupimwa kwa uzito wa meta moja ya ujazo. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye inchi 8 lina ujazo wa takriban meta 0.57, likiwa la kilo 30 kwa meta ya ujazo, litakuwa na kilo 17, na likiwa la kilo 18, litakuwa na kilo 10 tu, ingawa kava na maandishi yake yanaweza kufanana kabisa. Hilo jepesi ndilo linalobonyea. Ile sponji laini inayoshika umbo la mwili, iliyobuniwa mwaka 1966 katika utafiti wa NASA, hulainika kwa joto la mlalaji na hulitunza joto hilo. Kwa Tabata siishauri.

Mtoa mada: Nawashukuru. Nimelikunja godoro, nikalifunga kamba na kulitundika kwenye mizani ya jirani anayeuza mkaa: kilo 11 pamoja na kava. Nitanunua sponji nzito, na tofauti ya bei itamlipa seremala, ambaye Jumamosi anaongeza chaga sita ili mapengo yashuke chini ya inchi 3.