Wakili anataka nithibitishe kuwa mimi ni mimi

Wadau, naomba ushauri. Nanunua nyumba ya vyumba viwili Donholm, Nairobi, na wakili wangu anataka kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi kutoka mamlaka ya mapato ya Kenya), picha za pasipoti, uthibitisho wa makazi na chanzo cha pesa. Sasa, kitambulisho kina majina matatu; PIN ina mawili, moja limekosewa herufi. Nirekebishe KRA kwanza, au hati ya kiapo itakubalika kwenye Ardhisasa, ule mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni? Na makazi nitayathibitishaje? Mita ya stima ina jina la mwenye nyumba, maji vivyo hivyo, kodi ya nyumba natuma kwa M-Pesa. Pesa zenyewe ni za sacco na chama, sijaiba! Muuzaji ananipigia kila asubuhi. Aliyepitia haya alifanyaje?