Dogo anataka kusomea migogoro na amani, tumuache au tumpeleke ualimu?

Wakuu habari za jioni, huku Uyole baridi inauma. Mdogo wangu kamaliza digrii ya siasa sasa anataka masta ya amani na usalama wa Afrika, baadae awe mhadhiri. Mzee kamuuliza kitu kimoja tu, "sasa watu wakipatana wewe utakula nini?" tukacheka mpaka chai ikamwagika. Mi niko upande wa mzee ila sababu yangu nyingine, wasomi wetu wanafuata hela ya mfadhili, andiko la ugaidi linapata, la ugomvi wa ng'ombe na mpunga bonde la Usangu hapa Mbeya nani analitaka? Mnasemaje?

Mnyalukolo: Kamwene. Mkuu hapo umechemka. Nyerere kafa 1999 mazungumzo ya amani ya Burundi yakiwa mikononi mwake, Mandela akayapokea, 2000 wakasaini Arusha, unadhani wale walikaa mezani wakapiga ramli? Na 2017 kule Semuliki, Kongo, shambulio moja limetuulia wanajeshi wetu wa kulinda amani zaidi ya kumi. Wa kuuliza tulifuata nini kule lazima awepo, tena awe wa kwetu.

Konda mstaafu: Sawa, ajira ziko wapi? Chuo cha Diplomasia Kurasini, UDSM, basi. Akasome uhasibu.

Mama wa Rujewa: Mi nimekulia Mbarali, huko huko Usangu. 2006 wafugaji wakaondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu eti maji yarudi mto Ruaha Mkuu, 2008 Usangu ikaingizwa hifadhini, na ugomvi wa malisho, mashamba na mipaka ukaendelea hivyo hivyo. Watafiti nimewaona, wanashuka na gari, wanaenda kwa mtendaji, wanagawa fomu, saa tisa washarudi Mbeya mjini. Mmoja kamuuliza baba, kuanzia moja mpaka tano unajisikia salama kiasi gani? Baba akamuuliza, masika au kiangazi? Maana kiangazi maji yakikata mfereji tunaulinda usiku kucha, na ng'ombe nao wana kiu. Yule kijana akasema we taja namba tu mzee. Akaandikiwa tatu. Sasa hiyo tatu iko kwenye kitabu cha mtu huko, na mimi sina shida na hiyo kazi, shida yangu ni hiyo tatu.

Mleta mada: Nimemsomea dogo hiyo ya tatu, kanyamaza. Mara ananiuliza nauli ya Rujewa siku hizi sh ngapi.