Baiskeli ya mtumba, raba au kamba? Niko Tanga mjini

Muuza Duka
Wakuu, habari za jioni. Nina laki moja na nusu, keshokutwa naenda mnadani. Nataka kuanza mazoezi nisije nikaacha njiani. Nichukue baiskeli ya mtumba, raba za kutembelea, au kamba ya kuruka tu na hela ibaki? Niko Makorora.

Fundi Spoku
Mkuu, umetaja pesa na mtaa, mwili hujautaja. Umri? Kilo ngapi? Magoti je? Presha umepima lini? Bila hayo tunapiga ramli.

Muuza Duka
Samahani. Miaka 46, kilo 94. Kutwa nimekaa dukani. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi. Presha sijapima.

Bi Sahare
Basi kamba iweke pembeni, kaka. Kila ukitua, mguu unabeba uzito wako mara mbili au zaidi, na goti lenyewe limeshalalamika. Pima presha kabla ya huo mnada, halafu nunua raba. Nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi ya kidole gumba mbele. Za mtumba zikague: ziweke mezani uzitazame kwa nyuma, zikilala upande mmoja ziache. Bonyeza soli kwa kidole. Ikiwa ngumu kama ubao sponji imekufa, hata kama juu inang'aa.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na siku 2 za kukaza misuli. Wastani ni kama hatua 100 kwa dakika: unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Anza dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Misuli ya paja ifanyie kazi hapo hapo dukani: inuka kwenye stuli bila kushika kitu, keti taratibu, mara 8, pumzika, rudia. Goti likiuma, weka mto juu ya stuli usishuke sana.

Mwana Ngamiani
Mimi nasema baiskeli. Mji wetu tambarare, na kwenye baiskeli goti halitui. Akiendea dukani na kurudi ameshapata mazoezi bila kutenga muda. Kinachowaangusha watu ni kule kutenga muda.

Fundi Spoku
Kweli, lakini baiskeli ya mnadani yaweza kuliharibu goti hilo hilo. Kuna moja ililetwa gereji mwezi uliopita, rangi mpya, inavutia. Mwenyewe analalamika magoti yanawaka kwa mbele, karibu aiuze. Kumbe paipu ya kiti imeganda kwa kutu ndani ya fremu, kiti hakipandi. Alikuwa anapiga pedeli magoti yamekunjika mno, na kila mkunjo kifupa cha goti kinagandamizwa. Tuliigeuza, tukamimina mafuta ya taa kwa chini, tukaiacha siku nzima. Kuzungusha, wapi! Ikabidi kuikata na kununua nyingine. Rangi mpya ilikuwa imefunika kutu yote, kwa huu upepo wa chumvi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, legeza nati ya kiti, pandisha na kushusha. Kikigoma usikubali. Shika mkono wa pedeli uutikise kushoto kulia: ukicheza, goroli zimekwisha. Inua gurudumu ulizungushe, uone kama rimu inagusa breki. Kipimo cha kiti: kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ndipo.

Kaka Bamvua
Raba za nini? Mchanga upo bure, atembee peku.

Bi Sahare
Mchanga laini unakula nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya barabara, na kisigino kinazama, mshipa wa nyuma unavutika. Mgumu ni ule ulioachwa na maji, lakini umelala mteremko: mguu mmoja juu, mwingine chini. Tena maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Leo yamepwa saa kumi na mbili, wiki ijayo saa hiyo hiyo yamejaa. Mazoea yatashikaje?

Kaka Bamvua
Si atazame mwezi, dada. Watu wa pwani tunajua maji.

Muuza Duka
Nimepima presha zahanati: 150 kwa 94.

Bi Sahare
Kipimo kimoja hakitoshi. Rudia siku nyingine: keti dakika 5, miguu isipishane, mkono usawa wa moyo, usiongee. Ikibaki hapo muone daktari. Kutembea taratibu endelea, ila ukiinuka kwenye stuli usibane pumzi.

Mwana Ngamiani
Fundi, cheni huku pwani unapaka grisi au mafuta ya cherehani?

Fundi Spoku
Mafuta mepesi, tone moja kila kiungo, kisha futa kwa tambara. Grisi inabeba mchanga.

Kaka Bamvua
Mafuta mepesi mvua moja ya masika yameondoka. Grisi!