Tupeane uzoefu: vijana walio kwenye malezi ya kambo, mtaani kwenu mnawashika mkono vipi?

Habari zenu wadau. Mie niko Morogoro, mwaka wa sita huu nakaa na kijana niliyempokea kupitia ustawi wa jamii akiwa na miaka 11. Sio wa ndugu wala wa rafiki. Tulijaza fomu, wakaja nyumbani wakakagua mpaka anapolala, wakaongea na majirani, mimi na mume wangu tukahojiwa kila mtu peke yake, ndo tukapewa. Nasema hivi maana wengi wanachanganya na kuasili. Kuasili mnaenda mahakamani mtoto anakuwa wako kabisa, ila malezi ya kambo unamlea na ustawi wanaendelea kumfatilia na akipatikana ndugu wa kumchukua anaweza kurudi kwao. Vyote viko kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Halafu na hilo neno kambo, watu wakilisikia wanawaza mama wa kambo wa kwenye hadithi anayenyima chakula, mtoto anaanza kuonewa huruma na mtaa mzima kabla hajakosea wala kukosewa.

Sasa stori yangu. Miezi ya kwanza alikuwa haongei, anakula, anaosha sahani, anakaa mlangoni. Kilichomtoa sio mimi, ni timu ya watoto ya mtaani inayocheza Jumamosi uwanja wa shule ya msingi. Kochi ni fundi seremala, hakumuuliza kwenu wapi wala baba yako nani, alimpa begi la jezi akamwambia wewe ndo unatunza, Jumamosi saa mbili nalitaka hapa. Bas. Mtoto Ijumaa usiku halali anahesabu jezi. Kuna siku wakagombana mwenzie akamwambia "we si wa hapa we ni wa ustawi", akarudi nyumbani analia na begi la watu kalishikilia vilevile. Kochi alipopata habari alikuja jioni na timu nzima, sikuwa nimejiandaa, nikabandika ubwabwa na maharage wakala kwenye masinia mawili uani, na yule aliyemtukana alikaa sinia moja na yeye. Tangu siku ile wazazi tunapokezana, kila mwisho wa mwezi timu inakula nyumba moja. Haina mfadhili, haina bango.

Nataka kusikia na kwenu, kipi kilisaidia kweli?

Temeke, kijana miaka 23

Mama asante kwa kuuliza. Mi nimekaa makao ya watoto mpaka miaka 13 ndo nikapata familia ya kambo. Ntasema ukweli wangu, wageni wa sikukuu walikuwa wanakuja na sabuni na biskuti tunapangwa mstari tunaimba wanapiga picha wanaondoka, nashukuru vitu tulitumia, ila sikumbuki sura ya hata mmoja. Ninayemkumbuka ni dada mmoja wa kwaya aliyekuwa anakuja kila Alhamisi kutufundisha hesabu, miaka miwili, akisema Alhamisi ni Alhamisi hata mvua inyeshe, na nilipohamia familia mpya akaja kuuliza njia ili aendelee kuja huko. Hesabu nilipata C nikalia.

Kingine ambacho watu hawakifikirii ni makaratasi. Ukiwa mdogo kila kitu kinasainiwa na mlezi, ukifika 18 unaulizwa mwenyewe. Kitambulisho cha taifa cha NIDA wanataka majina ya wazazi, ukiomba mkopo wa chuo kama yatima wanataka vyeti vya vifo vilivyohakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na mimi mama yangu alifariki nina miaka 4 hakuna aliyewahi kuandikisha kile kifo. Nilizunguka miezi saba. Kuna ofisi niliambiwa "kamlete baba yako" nikashindwa kujibu nikaondoka. Mama mlezi ndo aliyenirudisha, tukaenda wote, akakaa na mimi kwenye benchi.

Mombasa, mama wa watoto wanne

Sisi huku ni kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya kumlea mtoto asiye wako bila kumbadilisha ukoo, na tangu sheria ya watoto ya Kenya ya 2022 imetajwa wazi humo kwa sisi Waislamu. Binti yetu alikuja ana miaka 9, jina la babake halikubadilishwa na halibadilishwi, nasaba yake ni yake. Hilo lenyewe lilimtuliza sana, alikuwa akiogopa tutamfutia babake. Waliomshika ni wanawake wa chama chetu. Kila Ramadhani huchanga, fundi hushona madera ya Idi ya wasichana wote wa madrasa kwa kitambaa kimoja, wa kwangu, wa jirani, wote, hujui nani kanunuliwa na nani. Mwaka huu yeye ndiye alokwenda kuchagua kitambaa.

Nakuru

Mimi nilitoka children's home nikiwa 18 na begi moja. Najua siku hizi serikali inataka watoto warudi kwa familia badala ya kujazana kwa home na naunga mkono kabisa, lakini hata anayetoka kwa familia ya kulea anafika mahali anaambiwa sasa jitegemee. Sikuwa najua bei ya mkaa. Nilikuwa nimezoea sufuria ya watu 40, siku ya kwanza kwa keja yangu nilipika ugali ya kutosha ploti yote. Tuko wenzangu kumi na moja, Jumapili ya kwanza ya mwezi tunapatana kwa mmoja wetu, tunapika, mwenye amekwama rent anasema, mwenye amesikia kazi anasema. Mwaka jana mmoja alioa na sisi ndio tulienda kama familia yake kwa wakwe, tumevaa suti za kuazima, tukakaa mbele.

Mwanza, najitolea na ustawi ngazi ya kata

Mimi naomba vitu viwili tu. Msiwapige picha mkaweka mtandaoni na maelezo kwamba huyu ni yatima tunamlea, ana miaka 16 na wanafunzi wenzie wanaziona. Na mkiona kijana anapigwa au anafanyishwa kazi kwenye hizo familia msinyamaze kwa sababu mlezi anaheshimika, namba 116 ya kuripoti ukatili kwa watoto ni bure, Kenya pia ni hiyohiyo. Halafu zile asilimia 4 za mapato ya halmashauri zinazotengwa kwa mikopo ya vijana, wanapewa vikundi, kijana asiye na ndugu hapo mtaani haitwi na kikundi chochote. Wawili niliwapeleka mwenyewe kwa mafundi wa kuchomelea mageti nikawaombea nafasi, wako mpaka leo.

Morogoro (mwenye uzi)

Nimesoma zote na yeye amesoma nyuma ya bega langu. Ya vyeti imenishtua, na yeye mamake alifariki na hatuna karatasi yoyote, mwakani anatimiza 18. Jumatatu tunaanza. Kijana wa Temeke, wewe ulianzia wapi?

Temeke

Mi nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa alikofia mama, akaniandikia barua. Mtafuteni mtu aliyekuwepo msibani muende naye. Nakutumia namba yangu pembeni, mwambie dogo anipigie mwenyewe.