Naomba ushauri: uzio wa saipresi kati yangu na jirani, nani akate na nani alipe?

MamaWawili

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, hasa mliozoea mambo ya viwanja na miti. Jambo hili linaninyima usingizi.

Tunaishi Isyesye, Mbeya. Kiwanja tulinunua miaka sita iliyopita. Kati yetu na jirani kuna uzio wa saipresi wa kama mita 30, wengine mnaita mikrismasi. Jirani ni mzee mstaafu na mkewe, nawaheshimu kama wazazi wangu. Aliyetuuzia alisema miche waliipanda pamoja, yeye alitoa hela na mzee akachimba mashimo. Tangu tuhamie kila mtu anakata upande wake, na juu anamalizia mzee. Hakuna karatasi yoyote.

Mwaka jana mzee akaanza kusumbuliwa na goti, ngazi hapandi tena. Mvua za mwaka huu zilipoisha uzio ulikuwa umenipita kichwa mara mbili, bustani yangu ya chainizi na figiri haioni jua mpaka saa tano. Nikamwita kijana, nikamlipa 40,000 ashushe, mimi nikaenda sokoni Mwanjelwa. Kurudi nakuta ameshusha mpaka usawa wa kifua, matawi yote yamelalia maharage ya mama. Kibaya zaidi, bafu lao ni la nje, la mabati, halina mlango, lina pazia tu na limetazama kwetu. Sasa nikisimama jikoni namwona kila anayeingia. Mama hajasema neno. Salamu anaitikia, basi.

Tena upande wangu umeanza kukauka, kahawia mpaka ndani. Mume wangu yuko Tunduma kikazi, anasema tung'oe yote tujenge ukuta wa tofali. Mzee anasema uzio ni wa wote, haung'olewi. Je, nina haki ya kung'oa? Gharama tugawane vipi? Na kwa mama naanzia wapi?

Kijana wa Ilomba

Dada usipoteze muda. Hela umetoa wewe, bustani inayoumia ni yako. Nenda Baraza la Kata kafungue kesi wakuamulie.

Mpimaji Uyole

Mkuu hapo juu, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yameliachia kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, ndipo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo hata akienda leo, wataambiwa wakae wazungumze.

MamaWawili, kabla ya yote tafuteni bikoni. Kiwanja chenu kama kimepimwa, kila kona ina chuma kilichosimikwa kwenye zege, na mara nyingi kimefukiwa na udongo au majani. Namba zake utazikuta kwenye ramani iliyoambatana na hati. Vuteni kamba kutoka bikoni moja hadi nyingine, wewe na mzee mkiwa wote, muone inapita wapi. Tazameni mashina, siyo matawi. Uzio unaokatwa upande mmoja tu hunenepa upande wa pili, watu wakadhani mpaka umehama. Kamba ikipita katikati ya mashina, tena mlivyosema walipanda pamoja, sioni utakavyosimama kudai ni wako wa kung'oa peke yako.

Bikoni yenyewe msiiguse hata kama iko njiani, kuing'oa ni kosa kisheria. Na ukuta, mkiamua kuujenga, uwe ndani ya kwenu pamoja na msingi wake, na muwe na kibali cha ujenzi.

Mtu wa Mafinga

Kamwene. Nimekulia kwenye miti, acha nizungumzie huo ukahawia.

Saipresi siyo mchongoma. Mchongoma ukiukata mpaka kisiki unachipua. Saipresi inachipua penye kijani tu. Mkasi ukishafika kwenye vijiti vikavu vya ndani, hapo pamekwisha, hata umwagilie mwaka mzima. Kwa hiyo juu, alikoshusha kijana, msitegemee parudi haraka.

Lakini umesema upande wako ndio unaokauka. Je, kijana aliukata sana na huo, au matawi ambayo hayakuguswa nayo yanakauka? Ingiza mkono ndani, shika tawi la unene wa kidole, ligeuze uone chini yake. Ukikuta wadudu wadogo wa kahawia wamejipanga kwenye gamba, na majani yananata halafu yana weusi kama masizi, hao ni vidukari wa saipresi. Walionekana Malawi mwaka 1986, wakapanda mpaka huku kwetu na kukausha miti mingi. Ikiwa ni wao, kosa siyo la kijana wala la mzee, na dawa itabidi ipigwe pande zote mbili. Ukitibu kwako tu watarudi kutoka kwake.

Mkishauokoa, mkate kidogo kidogo mara mbili kwa mwaka, na chini pabaki pana kuliko juu ili jua lifike. Msingoje tena urefuke hivyo. Palipokufa kabisa mzibe kwa michongoma.

Bibi wa Tukuyu

Ugonile mwanangu. Wenzangu wamesema vizuri, ila mama huyo hakununa kwa ajili ya maharage. Amenuna kwa ajili ya bafu. Wewe unahesabu mita na shilingi, yeye kila jioni anaoga amechuchumaa.

Kesho, kabla hujamtaja mpimaji wala kamba, nenda mashine ya mbao ununue mabanzi na misumari, fundi asimamishe kizuizi mbele ya bafu lao kwa hela yako. Usimtume mtu. Nenda mwenyewe, upige shikamoo, useme: mama nimekosa, nilikata bila kukuuliza.

Kuhusu gharama, mzee mstaafu usimdai nusu kwa nusu. Mimi na jirani yangu, yeye analipa fundi, mimi nampikia huyo fundi na kukusanya matawi. Ni miaka mingi sasa, hatujawahi kukorofishana.

MamaWawili

Nimerudi wapendwa, ni siku ya tisa leo. Bibi, nilifanya ulivyosema. Mabanzi kumi na mawili. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeniambia tu, ningehamisha maharage." Nililia hapohapo.

Jumamosi tulivuta kamba, mzee ameshika ncha moja akiwa kwenye kiti. Bikoni ya nyuma ilikuwa chini ya majani makavu, kina cha kiganja. Kamba imepita kwenye mashina yenyewe, isipokuwa manne ya mwisho yako kwake. Vidukari wapo, nimewaona kwa macho yangu, na upande wa mzee wameanza.

Tumeandika karatasi mbili, mwenyekiti wa mtaa ameshuhudia. Fundi nalipa mimi, dawa tunachangia, matawi anachukua mama kwa kuni. Urefu hautashuka chini ya kichwa cha mtu mzima upande wa bafu, na kwenye bustani utaishia kifuani. Hakuna atakayeleta fundi bila mwenzake kuwepo. Mume wangu amekubali, ukuta tumeuacha.

Mtu wa Mafinga, mzee anauliza kama sabuni ya maji inafaa, na kiasi gani.

Mtu wa Mafinga

Kwa uzio wa mita 30 anzeni nayo. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja ya maji. Jaribuni tawi moja kwanza, mkingoja siku mbili bila kuona limeungua endeleeni. Pigeni jioni, jua likishapoa, na mlenge chini ya matawi maana ndiko wanakokaa. Rudieni baada ya wiki. Wasipopungua, mwiteni afisa ugani wa kata aje aone mwenyewe kabla hamjanunua dawa kali, mboga zako ziko karibu mno.